Kampuni ianzie jikoni kwake

Ndugu Mhariri,

Kamwene. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme neno juu ya jiko la kiwandani.

Mimi ni mpishi wa kantini kwenye kiwanda kimoja cha mbao na nguzo hapa Mafinga. Kiwanda chenyewe sikitaji. Haya ninayoyaeleza yapo kwenye viwanda vingi vya ukanda wetu, kuanzia Mufindi hadi Njombe, na nikitaja kimoja vingine vyote vitajiona vimepona. Napika chai ya saa nne na chakula cha mchana kwa watu zaidi ya 200: waendesha misumeno, wapanga mbao, mafundi wa kutia nguzo dawa, madereva, walinzi na makarani. Kazi yangu naipenda na naiheshimu. Mtu aliyeshinda ananyanyua magogo akikosa ugali wa kushiba saa saba, mikono huanza kutetemeka, na mbele ya msumeno mkono unaotetemeka hupoteza kidole.

Kilichonifanya nishike kalamu ni picha. Kila mwaka ikikaribia Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, magazeti hutoa picha za wafanyakazi wa makampuni wakiwa wamevaa fulana mpya, wakipanda miche. Kupanda miti sikulaumu. Sisi wa Mufindi tumelelewa na miti. Shamba la Sao Hill ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na karibu kila nyumba hapa ina mtoto aliyesomeshwa kwa paini au mkaratusi. Ila sijawahi kuona picha ya siku hiyo iliyopigwa ndani ya jiko la wafanyakazi. Ninachokisema ni kimoja: kampuni inayotaka kuaminiwa kwamba inajali mazingira na inajali watu wake, ianzie jikoni kwake. Hapo ndipo kuni, moshi, maji machafu, majivu na mapafu ya mfanyakazi vinakutana chini ya bati moja.

Nieleze jiko lenyewe. Kuta ni za mabanzi, paa ni bati tupu lililokwishakuwa jeusi kwa masizi. Mafiga ni ya matofali, na juu yake tunatenga sufuria ambazo mtu mmoja hawezi kuzinyanyua. Tunawasha moto saa kumi na moja alfajiri, maana maharage hayana haraka. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu wa Mufindi ukishashuka, bati linakuwa baridi na moshi haupandi. Unainuka kidogo, unagonga bati, unarudi chini usawa wa vichwa vyetu na kukaa hapo. Kuni zikiwa mbichi ndiyo balaa kabisa. Tunapika tumeinama, khanga imefunikwa puani, machozi yanatiririka bila msiba. Vibarua nao wakifika alfajiri wanakuja kuota moto kabla ya kengele, kwa hiyo na wao wanaanza siku kwa kuvuta moshi huohuo, kisha wanakwenda kumalizia na vumbi la mbao.

Mwenzangu mmoja ninayefanya naye kazi ni mkubwa kwangu kwa umri, wote tunamwita Mama Mkubwa. Macho yake yamekuwa mekundu mwaka mzima. Usiku anakohoa, na akipanda mlima wa kwenda kwake husimama njiani kuvuta pumzi. Nisiseme mengi juu yake kwa kuwa ugonjwa wa mtu ni wa mtu. Lakini nchi hii inajua habari ya macho mekundu. Huko Kanda ya Ziwa vikongwe waliuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho ya namna hiyo, nayo yalikuwa yameiva kwa moshi wa kuni wa maisha yao yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 peke yake. Hao ni wa majumbani, wenye sufuria ya familia. Sisi tunapikia kijiji kizima kila siku ya kazi, na jioni tukirudi nyumbani tunawasha jiko jingine.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma zaidi.

Wataalamu wa upimaji afya walikuja kiwandani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe kulingana na hatari ya kazi zao, na kiwanda kilitii. Watu walipangwa foleni. Masikio yalipimwa kwa ajili ya kelele za misumeno, na mapafu yakapimwa kwa kile kifaa unachokipuliza mpaka pumzi iishe. Makarani wa ofisini nao walipuliza. Nilipokwenda na Mama Mkubwa, tukaambiwa kwa adabu kabisa kwamba majina yetu hayamo. Sisi ni watu wa mzabuni wa chakula, na mzabuni wetu hakuleta orodha. Tukarudi kukoroga ugali wa hao waliopimwa.

Simlaumu aliyeshika orodha, alisoma alichopewa. Naulaumu mpango wenyewe. Tenda ya chakula inatolewa kwa mtu wa nje, mtu wa nje anaajiri akina mama kwa maneno ya mdomo, na kuanzia hapo tunatoweka kwenye kila karatasi. Mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa ajili ya watu wake, ili mtu akiumia au akipata ugonjwa unaotokana na kazi afidiwe na kutibiwa. Mchango huo ni jukumu la mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Je, mzabuni wa chakula anatuchangia? Mama lishe wengi wa viwandani hawajui hata pa kuuliza. Mtu wa mazingira naye akija hupima moshi wa bomba la boila, huangalia shimo la dawa, huandika ripoti yake na kuondoka. Jiko letu lina moshi mzito kuliko bomba lile, lakini halimo kwenye ramani yake kwa sababu linahesabiwa kuwa ni mambo ya chakula.

Kuna na hili la kuni, na hapa naomba wasomaji wa Mafinga, Makambako na Njombe wanisikilize vizuri.

Kiwanda kinachotengeneza nguzo za umeme hutia dawa ili nguzo isiliwe na mchwa wala isioze ardhini. Nguzo zinasukumwa ndani ya mtungi mkubwa wa chuma, mlango unafungwa, hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa kwa presha mpaka izame ndani ya mti. Zikitoka huwa na rangi ya kijani. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu, tena inayosababisha saratani. Ndani ya mti uliosimamishwa barabarani dawa hiyo inafanya kazi yake na umeme unafika vijijini. Sina ugomvi na nguzo. Marekani waliacha kuitumia kwenye mbao za nyumba za kuishi na viwanja vya watoto kuchezea mwishoni mwa 2003, lakini kwa nguzo za umeme inaendelea kutumika kwa sababu inadumu.

Tatizo linaanza pale nguzo iliyokwisha kutiwa dawa inapopasuka au kukataliwa na mkaguzi. Inakatwa vipande. Vipande vinarundikwa pembeni. Na kwa kuwa ni vikavu, ni vizito na ni vya bure, kuna siku vinaletwa kwa toroli mpaka mlangoni kwa mpishi.

Vilipoletwa kwangu nilivikataa. Sikuwa nimesomea kemia. Nilichokuwa nimekiona ni kwamba vijana wa kitengo cha dawa wanavaa glovu zinazofika kwenye kiwiko, buti na aproni ya mpira, na hawaruhusiwi kula wala kuvuta sigara eneo lile. Nikajiuliza, mti ambao kijana haruhusiwi kuugusa kwa mkono mtupu, mimi nitauwashaje chini ya maharage yake? Nikamfuata fundi mmoja wa kitengo hicho, kijana mwenye heshima. Akaniambia, “Mama, usithubutu. Ukiuchoma, dawa haiungui ikaisha. Nyingine inatoka na moshi, na nyingi inabaki kwenye majivu.” Msimamizi aliyeleta toroli alinuna kidogo. Akasema, “Mama, hizi ni kuni za bure.” Nikamjibu, “Baba, peleka nyumbani kwako ukampikie mtoto, ukirudi salama na mimi nitapika.” Aliondoka nazo, na namshukuru kwamba hakuzileta tena.

Lakini zilikwenda wapi? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Nje ya mageti ya viwanda kuna mama lishe wanaouza vitumbua na chai, wenye shida ya kuni kila siku. Kuna vijiji ambako nguzo iliyoanguka huokotwa ikapasuliwa kuni kabla jua halijazama. Na sisi wanawake wa huku majivu hatuyatupi ovyo. Tunasugulia masufuria. Tunachanganya na maharage ya mbegu yasibunguliwe. Tunamwaga kwenye bustani ya chainizi na mchicha ili kufukuza wadudu. Majivu ya mti wa dawa ukiyafanyia hayo, umeiweka sumu kwenye sufuria, kwenye mbegu na kwenye mboga, na mtoto ndiye atakayekula. Mvua ikinyesha, yaliyobaki yanateremka bondeni. Mto Ruaha Mdogo unaanzia kwenye milima yetu hii ya Mufindi, unapita Iringa mjini na kwenda kuungana na Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Tunachokimwaga huku, kuna mtu anachota maji huko chini.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa wenye viwanda: kipande chochote kilichotiwa dawa kisitoke getini kama kuni, kisiingie jikoni, kihesabiwe kama zinavyohesabiwa nguzo nzima, na kihifadhiwe mahali palipofungwa hadi kiondolewe kwa utaratibu ambao NEMC, baraza la taifa la mazingira, wataridhika nao. Na wafanyakazi waambiwe sababu, kwa Kiswahili, kwenye bango lililo mlangoni mwa jiko. Ukizuia tu bila kusema kwa nini, usiku vitaibwa.

Najua nitaulizwa: mama, usipotumia kuni utapika kwa nini? Serikali ilishatoa katazo kwamba taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa kufikia Januari 31, 2024. Upo pia Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka huo wa mwisho. Tukilisikia katazo hilo mara nyingi tunafikiria shule na magereza. Kiwanda chenye vibarua 200 wanaokula mchana nacho kinapikia watu zaidi ya 100, na hakuna anayekigongea mlango.

Gesi inafaa kwa chai, mboga na wali. Kwa maharage ya watu 200 mtungi wa kilo 38 unakwisha ukiwa unautazama, na mzabuni atapunguza nyama kwenye sahani ili kufidia gharama. Nasema hivi kwa sababu sitaki afya ya mpishi ilipiwe na njaa ya mpasua mbao. Gharama ya nishati iandikwe kwenye mkataba wa tenda na ibebwe na kiwanda.

Lakini kwa viwanda vya mbao kuna njia nyingine, na nashangaa kwamba hakuna mhandisi aliyeitaja kabla ya mpishi. Kiwanda chetu kina tanuri la kukaushia mbao. Tanuri linaendeshwa na boila, na boila inachoma maranda na mabanzi safi yasiyo na dawa, kwenye moto uliofungwa wenye feni na bomba refu. Mvuke wake unapita hatua chache kutoka jikoni kwetu. Zipo sufuria kubwa za kuta mbili ambazo mvuke unapita katikati ya kuta hizo, chakula kinaiva bila kuguswa na moto wala moshi. Bomba likivutwa kutoka kwenye boila mpaka jikoni, likavikwa kizuizi cha joto, maharage yataiva kwa takataka za mbao ambazo leo tunazitupa. Kila anayepita barabara kuu hapa Mafinga ameyaona marundo ya maranda yanayofuka moshi wiki nzima. Moshi ule ni chakula kinachopotea. Viwanda vya chai kule Mufindi vimezoea mambo ya boila na mvuke, mafundi wapo, hatuhitaji kuagiza mtu kutoka ng'ambo.

Mahali pasipo na boila, jiko banifu lenye bomba linalotoka nje ya paa lijengwe. Sisemi ndilo jawabu la mwisho, kwa sababu bado linakula kuni, ila linakula chache na moshi unaondoka. Na sisi wapishi tuna letu la kufanya. Maharage yakilowekwa jioni, asubuhi yanaiva upesi zaidi. Sufuria ifunikwe. Kuni zianikwe chini ya paa, zisichomwe zikiwa na maji. Mimi nimekuwa nikiloweka tangu zamani, na tofauti naiona kwenye rundo la kuni kila jioni. Ila mpishi hawezi kuloweka kama stoo inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na ufunguo uko kwa mzabuni aliyelala mjini. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayokwamisha makubwa.

Wapo wenzetu watakaosema moto wa kuni ukiondoka vibarua watapata wapi joto la asubuhi. Hoja hiyo naichukulia kwa uzito, maana baridi ya huku mwezi wa saba inauma mifupa na wengi wao wanakuja na shati moja. Wapewe makoti ya kazi. Wajengewe kibanda kilichozibwa upepo, na chai ya kwanza itoke kabla ya kengele badala ya kusubiri saa nne. Nimewaona watu wanaoanza kazi wakiwa na kikombe cha chai ya moto tumboni. Wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani, wanakumbushana kuvaa kofia. Wanaoanza na baridi hawasemi na mtu.

Ndugu Mhariri, nina mambo matatu ninayowaomba wanaohusika. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija kukagua, wahesabu watu wote waliomo ndani ya uzio, wa mzabuni na wa kiwanda, na mpishi apulize kifaa kama karani. WCF waulize mzabuni wa chakula yuko wapi kwenye orodha yao. Na vyama vya wafanyakazi vinavyokuja kutuomba michango vikumbuke kwamba jikoni nako kuna wanachama, au wangekuwapo kama wangefuatwa.

Wakaguzi wakipenda kuja kwetu wasije saa saba. Saa hiyo moto umeshapungua, sufuria zimesuguliwa, na jiko linapendeza kwa wageni. Waje saa kumi na mbili asubuhi, siku ya ukungu, maharage yakiwa ndiyo yanachemka, na wakae nasi mpaka yaive. Mama Mkubwa na mimi tutawawekea viti.

Ni mimi,
Mpishi wa kantini,
Mafinga, Mufindi.
(Jina kamili mhariri analo.)